Benjamin Jowett wa Balliol: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwanafunzi wa falsafa anayetafuta maandishi ya Plato mtandaoni bila kulipa hata senti, iwe Dodoma, Eldoret au Bujumbura, mara nyingi huangukia Kiingereza cha Benjamin Jowett. Anasoma kurasa na kurasa, ananukuu kwenye kazi yake ya muhula, na jina la mfasiri hulipita tu. Majibu yaliyo hapa chini ni kwa ajili ya msomaji huyo, na kwa yeyote anayetaka kujua jinsi mwalimu mmoja wa Kigiriki alivyoweza kubadilisha chuo kizima, na mkono wake ukafika mbali hadi kwenye ardhi ya Kenya ambako yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga.

Jowett alikuwa nani hasa?

Alikuwa mwanazuoni wa Kigiriki, kasisi wa Kanisa la Uingereza, na kiongozi wa chuo. Alizaliwa tarehe 15 Aprili 1817, Camberwell, London, akafariki tarehe 1 Oktoba 1893. Alifika Balliol, kimojawapo cha vyuo vinavyounda Chuo Kikuu cha Oxford, mwaka 1836 akiwa kijana wa ufadhili, na ni kama hakutoka tena. Akawa felo, mwalimu, profesa, na kuanzia mwaka 1870 hadi kifo chake Mkuu wa chuo hicho. Kati ya 1882 na 1886 alikuwa pia Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu chote cha Oxford.

Alitoka familia ya watu wa juu?

Hapana. Baba yake alifanya biashara ya manyoya, na biashara ikamshinda. Familia ilipohama London, Benjamin aliachwa mjini, akaishi peke yake kwenye chumba cha kupanga huku akisoma St Paul's School. Kilichomtoa ni kichwa chake na ufadhili wa masomo. Baadaye alichaguliwa felo wa Balliol mwaka 1838 kabla hata hajamaliza shahada, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo. Felo ni mwanachama wa kudumu wa chuo: analipwa posho, anakula meza ya wakubwa, na ana kura katika kumchagua Mkuu.

Naona umaskini wa utotoni ulibaki ndani yake kwa namna nzuri. Alipokuwa na mamlaka, alikazana kuwasaidia vijana wenye akili wasio na fedha, mara nyingine kwa pesa zake mwenyewe, na kimyakimya.

Mbona vyeo vya Oxford vinachanganya? Mkuu wa Chuo, Makamu Mkuu, Mkuu wa Balliol, ni kitu kimoja?

Si kitu kimoja. Oxford ni chuo kikuu chenye vyuo ndani yake, na kila chuo kina mali yake, walimu wake na Mkuu wake. Jowett alikuwa Mkuu wa Balliol, yaani bosi wa chuo kimoja. Juu ya vyote kuna Mkuu wa Chuo Kikuu, Chansela kama wasemavyo Kenya, ambaye zaidi ni mtu wa heshima. Enzi za Jowett alikuwa Lord Salisbury. Kazi za kila siku zilikuwa mikononi mwa Makamu Mkuu. Tofauti na Dar es Salaam au Nairobi ya leo, ambako nafasi hiyo ni ajira kamili, zamani hizo wakuu wa vyuo walipokezana, kila mmoja miaka 4, huku wakiendelea kuongoza vyuo vyao. Jowett alipopata zamu yake alikuwa na miaka 65 na kazi tatu kwa pamoja: profesa, Mkuu wa Balliol, na Makamu Mkuu.

Ni kweli alishtakiwa kwa uzushi?

Kweli kabisa, na kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ndicho kilichomjenga.

Mwaka 1855 Jowett alitoa ufafanuzi wa nyaraka za Mtakatifu Paulo kwa Wathesalonike, Wagalatia na Warumi. Alimsoma Paulo kama mtu wa zama zake, anayewaza na kusitasita, na alikataa maelezo ya kifo cha Yesu yanayomfanya Mungu aonekane mdai anayedai damu. Mwaka huohuo serikali ilimteua Profesa wa Kigiriki katika kiti cha uprofesa kilichoanzishwa na Mfalme Henry wa Nane. Wapinzani wake wakamshtaki kwa Makamu Mkuu wa wakati huo, na Jowett akaitwa atie saini upya Ibara 39 za imani ya Kanisa la Uingereza. Ilikuwa fedheha, kwa kuwa alikuwa ameshazisaini zamani. Alitia saini bila mabishano, akarudi kufundisha.

Mwaka 1860 akaongeza kuni kwenye moto. Katika kitabu cha insha saba kilichoandikwa na watu mbalimbali, yeye alichangia insha kuhusu namna ya kufasiri Maandiko, na hoja yake kuu ilikuwa kwamba Biblia isomwe kama kitabu kingine chochote: uliza kwanza mwandishi alikusudia nini, kwa nani, katika hali gani. Msomaji wa leo anaweza kushangaa kelele zilitoka wapi. Lakini hii ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya Darwin kutoa kitabu chake kuhusu asili ya spishi, na makasisi wengi walijiona wamezingirwa. Waandishi wenzake wawili walihukumiwa katika mahakama ya kanisa, kisha wakashinda rufaa mwaka 1864. Jowett mwenyewe alifikishwa mwaka 1863 mbele ya mahakama ya Makamu Mkuu, na waliomshtaki waliongozwa na Edward Pusey, profesa wa Kiebrania. Afisa aliyesikiliza shauri alikataa kuendelea nalo, likafa.

Adhabu aliyoipata ilipitia mlango mwingine. Mshahara wa kiti cha Kigiriki ulikuwa pauni 40 kwa mwaka, kiasi kilekile cha karne ya 16. Viti vingine vya namna hiyo vilikuwa vimeongezewa. Cha Jowett kilizuiwa kwa makusudi kwa miaka 10. Alifundisha muda wote huo, mihadhara yake ikijaa. Mwaka 1865 ndipo chuo cha Christ Church, kilichokuwa na wajibu wa kulipa, kilipandisha hadi pauni 500.

Baada ya hapo Jowett hakuandika tena kazi kubwa ya teolojia. Wapo wanaosema alinyamazishwa. Mimi naona aliamua kupeleka nguvu zake kwa vijana na kwa Plato.

Kwa nini alichelewa kuwa Mkuu wa Balliol?

Kwa kura. Mkuu wa zamani alipofariki mwaka 1854, mafelo waligawanyika, na waliomwogopa Jowett kwa misimamo yake ya dini wakampa kiti Robert Scott, yuleyule aliyetunga kamusi kubwa ya Kigiriki pamoja na Henry Liddell. Jowett aliumia sana. Alijitenga na chumba cha mazungumzo cha mafelo, akazama katika kufundisha. Miaka ikapita, mafelo vijana wakaingia, wengi wao wanafunzi wake, na polepole kura za baraza la chuo zikaja upande wake huku Scott akiwa bado Mkuu kwa jina. Mwaka 1870 serikali ya Waziri Mkuu Gladstone ilimpa Scott udekano, yaani uongozi wa kanisa kuu, huko Rochester, nafasi ikabaki wazi, na Septemba ya mwaka huo Jowett akachaguliwa. Alikuwa na miaka 53.

Alifundishaje?

Ana kwa ana. Mwanafunzi alileta insha, akaisoma kwa sauti, na Jowett akasikiliza akiwa amekaa karibu na moto. Kisha kimya. Kimya chake kilikuwa maarufu na cha kutisha; wanafunzi waliotembea naye mchana walisimulia maili nzima bila neno. Halafu lingekuja swali moja fupi linalobomoa aya nzima. Hakumpa mwanafunzi mfumo wa mawazo wa kumeza. Alimlazimisha aseme alichomaanisha.

Mlango wake ulikuwa wazi hadi usiku. Likizo aliondoka na vijana wachache kwenda Uskochi au Malvern, wasome asubuhi na kutembea jioni. Alipokuwa Mkuu aliendelea kusoma insha za vijana wa chuo kizima, na mwishoni mwa wiki aliwakutanisha mezani na wageni wake, akiwemo mshairi Robert Browning.

Wavivu aliwajua kwa majina. Mwezi Januari 1884 alimfukuza kijana wa ukoo mkubwa, Sir Edward Grey, kwa sababu alikuwa ameonywa mara kadhaa na bado hakugusa kazi aliyopewa wakati wa likizo. Grey aliruhusiwa kurudi kufanya mtihani tu. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza kuanzia 1905 hadi 1916.

Kazi yake ya kitaaluma ilikuwa ipi?

Tafsiri tatu kubwa. Plato yote ilitoka mwaka 1871 katika juzuu 4, ikarekebishwa mwaka 1875 na tena mwaka 1892. Historia ya vita ya Thucydides ilitoka mwaka 1881, na *Siasa* ya Aristotle mwaka 1885. Kila mazungumzo ya Plato aliyapa utangulizi mrefu, na baadhi ya tangulizi hizo ni insha kamili za falsafa.

Tena, kabla ya kutafsiri, alikuwa amekwisha kuifanya *Jamhuri* ya Plato kuwa uti wa mgongo wa masomo ya kale na falsafa hapo Oxford. Kabla yake Aristotle ndiye aliyetawala. Kijana wa miaka 20 alipoulizwa na Jowett haki ni nini, na nani anastahili kutawala, hilo halikuwa swali la mtihani pekee, maana wengi wa vijana hao walikuwa njiani kwenda kutawala kweli.

Na usahihi wa tafsiri zake? Profesa wangu anasema nisizitumie.

Profesa wako ana hoja. Jowett alitaka Plato asomeke kama Kiingereza kizuri, chenye mwangwi wa Biblia ya Mfalme James, na kwa hilo alifaulu kuliko mtu yeyote kabla yake. Gharama yake ni kwamba hulainisha. Mahali ambapo Kigiriki kina utata, yeye huchagua maana moja na kupita. Vijineno vya kuunganisha hoja, ambavyo kwa Plato ndivyo vinavyoonyesha nani anakubali na nani anakubali kwa shingo upande, mara nyingi hupotea. Mwanazuoni A. E. Housman, aliyekuwa Oxford enzi za Jowett na ambaye baadaye alikuwa bingwa wa Kilatini, inasimuliwa alihudhuria muhadhara wake mmoja akakerwa na matamshi yake ya Kigiriki, asirudi tena.

Angalia pia anavyoshughulikia mazungumzo ya *Phaedrus*, ambako Plato anazungumzia mapenzi kati ya wanaume. Jowett hakufuta maneno, lakini katika utangulizi alimwambia msomaji kwamba yanayosemwa hapo inabidi yahamishiwe kwenye mapenzi ya mwanamume na mwanamke ndipo tuweze kuyachukulia kwa uzito. Huyo ni kasisi wa enzi ya Malkia Victoria anayeongea. Plato hakusema hivyo.

Ushauri wangu: msome Jowett ili upate mtiririko wa mazungumzo yote kwa mara ya kwanza, kisha kwa aya unayoijengea hoja tafuta tafsiri ya karne ya 20 au 21 uilinganishe.

Alifanya nini akiwa kiongozi, zaidi ya kufundisha?

Balliol ilikua. Majengo mapya ya msanifu Alfred Waterhouse yalikamilika miaka ya mwanzo ya uongozi wake, ukumbi mpya ukafunguliwa mwaka 1877. Alikinunulia chuo uwanja wa michezo. Mwaka 1885 alimleta mwanamuziki John Farmer, wakaanzisha matamasha ya Jumapili jioni, na watu wakanung'unika kwamba Jumapili inachafuliwa. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ameruhusu wanafunzi kuigiza tamthilia ya *Agamemnon* ya Aeschylus kwa Kigiriki chenyewe ndani ya ukumbi wa chuo, wakati ambapo Oxford bado iliuona uigizaji kuwa uhuni. Alipokuwa Makamu Mkuu alikipa chama cha maigizo cha wanafunzi ruhusa rasmi.

Nje ya Oxford kuna jambo ninalolipenda zaidi. Watu wa Bristol walipotaka kuanzisha chuo katika miaka ya 1870, Jowett alisukuma Balliol na New College kila kimoja kiahidi pauni 300 kwa mwaka kwa miaka 5. Masharti yakawekwa: wanawake wapokelewe, na yawepo masomo ya jioni kwa watu wazima wanaofanya kazi. Chuo kilifunguliwa mwaka 1876, na ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Bristol cha leo. Wakati huo Oxford yenyewe haikuwa na chuo hata kimoja cha wanawake.

Je, aliwasaidia wanafunzi kutoka Asia?

Ndiyo. Anayejulikana zaidi ni Cornelia Sorabji, binti kutoka India aliyefika chuo cha Somerville mwaka 1889. Jowett alimpokea kama mjukuu, akamkutanisha na watu wakubwa, na akamuunga mkono hadi Oxford ikakubali kumfanyisha mtihani wa shahada ya sheria mwaka 1892, mwanamke wa kwanza kuufanya. Shahada yenyewe alisubiri kwa miaka 30, kwa kuwa Oxford haikuwapa wanawake shahada hadi mwaka 1920.

Ukarimu huo ulikuwa na upande wa pili. Jowett alikuwa mmoja wa waliopigania nafasi za utumishi wa serikali ya India zitolewe kwa mitihani badala ya upendeleo, na Balliol ikawa nyumba ya vijana Waingereza waliokuwa wakijiandaa kwenda kuitawala India. Ndugu zake wawili walifia huko. Sijaona popote akiuliza kama India yenyewe iliutaka utawala huo.

Kuna uhusiano gani kati yake na Afrika Mashariki?

Yeye mwenyewe, hakuna. Kupitia wanafunzi wake na wa chuo chake, upo, na ni mzito.

Magavana wakuu watatu wa India waliofuatana, Lansdowne, Elgin na Curzon, wote walisoma Balliol. Wawili wa kwanza waliigusa Kenya moja kwa moja. Lansdowne alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia mwaka 1900, wakati Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye, ilipokuwa chini ya wizara hiyo. Kamishna aliyekuwepo Himayani kati ya 1900 na 1904 alikuwa Sir Charles Eliot, naye wa Balliol ya Jowett, aliyezoa tuzo za Kigiriki, Kilatini na Kisanskriti akiwa mwanafunzi. Eliot ndiye aliyefungulia walowezi wa Kizungu nyanda za juu. Mwaka 1904 aligombana na Lansdowne: kampuni kubwa imeruhusiwa kupata maili za mraba 500 za Bonde la Ufa, lakini watu binafsi aliowaahidi Eliot wamekataliwa maeneo yao kwa hoja kwamba hiyo ni ardhi ya Wamaasai. Eliot akajiuzulu. Mwaka huohuo Wamaasai walitiliwa mkataba, wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa na kuwekwa katika hifadhi mbili.

Tafakari picha hiyo: wanaume wawili waliopita chuo kimoja, wote wamekaa na maandiko ya Plato kuhusu haki, wanabishana kwa barua za Kiingereza safi juu ya nani apewe malisho ya watu ambao hawakuulizwa na yeyote kati yao. Kisha Elgin, akiwa Waziri wa Makoloni, akathibitisha mwaka 1908 kwamba Wahindi wasipewe ardhi katika nyanda hizo. Huyu ni mtu aliyekuwa ametawala India miaka 5.

Eliot hakuishia hapo. Mwaka 1905 akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sheffield, na mwaka 1912 wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Hong Kong. Pia alikuwa mtaalamu wa konokono wa baharini wasio na kombe, na baadhi ya aliowaeleza kisayansi waliokotwa Zanzibar.

Basi tumlaumu Jowett kwa waliyoyafanya wanafunzi wake?

Kila mtu atajibu kivyake. Hili ni langu. Mwalimu habebi dhambi za mwanafunzi wa miaka 20 iliyopita. Lakini Jowett hakuwa mwalimu aliyejali vitabu tu: alipima mafanikio yake kwa vyeo vya wanafunzi wake, aliwaandikia barua za kuwahimiza wakiwa tayari mawaziri, na alijivunia. Anayejivunia mavuno akubali kuulizwa kuhusu mbegu. Alifundisha kuhoji kila neno la Paulo na la Plato, na hilo lilihitaji ujasiri ambao karibu umgharimu kazi. Swali la dola hakulifundisha kuhojiwa, na wanafunzi wake wengi hawakulihoji.

Alipingwa na wasomi wenzake kwa lipi?

Zaidi ya dini, kwa suala la utafiti. Mark Pattison, Mkuu wa Lincoln College, alitaka Oxford ifuate mfano wa Ujerumani: maprofesa watafiti, maktaba kubwa, mitihani kidogo. Jowett aliona chuo ni mahali pa kulea vijana, na aliwashuku watu wanaotaka kulipwa ili wasifundishe. Mgogoro huo haujaisha. Mhadhiri wa leo anayeambiwa achapishe makala ili apande cheo, huku darasa lake lina wanafunzi 300 wanaomsubiri, anaishi ndani yake.

Florence Nightingale, yule muuguzi maarufu, alikuwa nani kwake?

Rafiki wa moyo kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa ya wakati huo kwa njia ya barua. Nightingale alisoma tafsiri ya Jowett ya Plato na kumtumia masahihisho makali, na Jowett aliyatumia. Jowett hakuoa kamwe.

Nataka kumsoma Plato wa Jowett. Nianzie wapi?

Anza na *Utetezi wa Socrates*, kisha *Crito*. Zote mbili ni fupi na hazihitaji maandalizi. Ukiingia *Jamhuri*, ruka utangulizi wa Jowett kwanza, soma kitabu cha kwanza hadi Thrasymachus, mpinzani wa Socrates katika mazungumzo hayo, anapokasirika, ndipo urudi kwenye utangulizi. Nakala nyingi za bure hazina zile namba za pembeni, kama 338c, ambazo wasomi wote duniani hutumia kutaja mahali ndani ya Plato. Bila namba hizo mwalimu wako hawezi kukagua nukuu, kwa hiyo tafuta nakala iliyozihifadhi, au zichukue kutoka toleo la maktaba kabla ya kukabidhi kazi.